Asiyeona asitolewe maabara, kibadilishwe kipimo

Ndugu Mhariri,

Mwanafunzi asiyeona anapofika Kidato cha Tatu, mara nyingi njia yake imekwisha kuchorwa na wengine: Historia, Kiswahili, Kiingereza, na akifaulu vizuri, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Masomo hayo hayana ubaya. Ubaya ni kwamba hakuyachagua. Fizikia na Kemia huondolewa kwa kauli moja tu, "huyu praktiko hataiweza", na wanaoitoa wala si watu wabaya. Ni walimu wenye huruma wanaoogopa mtoto asije akaungua. Sisi tunaofundisha sayansi na elimu maalumu tunaomba nafasi katika safu yako tuijibu kauli hiyo. Hoja ya haki tutaiacha, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kuisema. Tutazungumzia meza ya maabara.

Chukua titresheni, jaribio la kupima nguvu ya asidi au besi kwa kutia moja ndani ya nyingine hadi rangi igeuke, ambalo mwanafunzi wa Kemia halikwepi. Asidi iko kwenye bureti (bomba lenye mistari ya mililita na koki chini), besi iko kwenye chupa ya koni pamoja na matone ya kiashiria, kile kinachogeuka rangi. Mwanafunzi anapima, anafungua koki, anatikisa, anafunga, anaandika, anakokotoa. Katika kazi zote hizo macho yanadaiwa mara mbili tu: kusoma mistari ya vipimo, kama ile ya bureti, na kutambua rangi inapogeuka. Hizo mbili ndizo za kutafutiwa njia. Zilizobaki ni za mikono na akili, navyo anavyo.

Rangi inageuzwa sauti kwa kifaa ambacho fundi redio atakimaliza kwa mchana mmoja. Vinavyotakiwa ni aisii ya 555 (kijisaketi chenye miguu 8 kinachotoa mapigo ya umeme), LDR moja (ile resista inayobadilika kwa mwanga), resista ya kilo-ohm 1, nyingine ya ohm 100, kapasita ya nanofaradi 100 na ya mikrofaradi 10, spika ndogo ya ohm 8, taa ya LED ya kijani na resista yake ya ohm 470, na betri 6 za volti 1.5. Mguu wa 4 na wa 8 wa aisii huenda kwenye chanya, wa 1 kwenye hasi, wa 2 na wa 6 huunganishwa pamoja. Resista ya kilo-ohm 1 hukaa kati ya 8 na 7, LDR kati ya 7 na 6, kapasita kati ya 6 na 1. Sauti hutoka mguu wa 3, ikipitia resista ya ohm 100 na kapasita ya mikrofaradi 10 kabla ya kufika kwenye spika. Ukiziruka hizo mbili, aisii itapata moto. Taa hukaa upande mmoja wa chupa na LDR upande wa pili, zikitazamana.

Mwanga ukipita vizuri, LDR hushuka, tuseme hadi kilo-ohm 5, na spika hutetema karibu mara 1,300 kwa sekunde, mlio mwembamba wa filimbi. Mwanga ukizuiwa na LDR ikapanda hadi kilo-ohm 50, mlio hushuka hadi karibu mara 140 kwa sekunde, mzito wa kunguruma. Tofauti hiyo haihitaji sikio la mwimba kwaya.

Kwa nini taa ya kijani? Kwa sababu fenofthalini, kiashiria chetu, ikiwa ndani ya besi huwa ya waridi iliyokoza, na waridi hiyo humeza mwanga wa kijani kuliko mwingine. Ukiweka taa nyekundu, mwanga utapita kama vile hakuna kitu, na mwanafunzi atamaliza bureti nzima akisubiri mlio ambao hautakuja. Kosa la pili ni mwanga wa dirishani: wingu likipita juu ya shule, mlio unabadilika. Dawa yake ni boksi la viatu lililopakwa weusi ndani, na tundu moja juu kwa ajili ya shingo ya chupa. La tatu, na hili huwapata hata waliobobea, ni betri. Zikichoka taa hufifia, mlio hushuka polepole, na mwanafunzi hudhani ni kemia kumbe ni betri. Ndiyo maana tunasisitiza besi ikae kwenye chupa na asidi kwenye bureti. Hapo mwisho wa jaribio ni waridi kutoweka, yaani mlio kupanda, na betri inayochoka haijawahi kupandisha mlio. Ukitumia kiashiria kingine, methili oranji, mambo hugeuka: njano inapoelekea wekundu mlio hushuka, basi betri mpya ni lazima. Fenofthalini iwe matone 2 au 3, si zaidi. Ikizidi hufanya ukungu mweupe, na ukungu nao unazuia mwanga. Baada ya kutikisa, asubiri mapovu yatulie ndipo asikilize. Na kwa amani ya darasa, spika ya sikioni, sikio moja tu, ili la pili limsikie mwalimu.

Bureti yenyewe inaweza kubadilishwa na bomba la sindano la mililita 10. Mpini wake unakatwa mikato midogo kwa msumeno wa chuma, mkato mmoja kila mililita, na ukucha wa kidole gumba unaingia kwenye mkato pale unapofika ukingoni mwa bomba. Mzunguko wa kwanza anatia mililita moja moja, akijaza bomba upya kila linapoisha. Tuseme mlio umeruka kati ya 24 na 25. Mzunguko wa pili anatia 23 bila kusita, kisha tone kwa tone. Matone 20 ni takriban mililita 1, kwa hiyo tone moja ni kama 0.05. Hesabu hiyo ya matone aihakiki kwanza kwa maji na bomba lilelile, kwani ncha za mabomba hazifanani. Wapo wanaopendelea mizani inayosema, na si vibaya, maana gramu 1 ya myeyusho wa moli 0.1 kwa lita ni karibu sawa na mililita 1. Lakini mizani ya jikoni husoma gramu nzima nzima, na kukosea gramu 1 katika 25 ni kosa la asilimia 4. Itafutwe inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Pasipo fundi wala betri, ipo pua. Kitunguu maji kikikatwakatwa na kuwekwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipande vya kitambaa safi, kikalala usiku mmoja kwenye friji, vitambaa hushika harufu. Dondosha asidi hafifu juu ya kimoja na sodiamu haidroksaidi hafifu juu ya kingine, suuza vyote kwa maji, nusa. Cha asidi bado kinanukia kitunguu. Cha besi harufu imekwisha. Vanila hufanya hivyo hivyo, na mafuta ya karafuu pia, kwa sababu kinachonukia kwenye karafuu ni yujenoli, ambayo yenyewe ni asidi dhaifu. Ikikutana na besi kali hugeuka chumvi, na chumvi hairuki hewani. Somo zima la asidi na besi limo katika harufu hiyo moja ya Pemba, na wanaoona darasani hujifunza zaidi kuliko walivyojifunza kwa karatasi ya litimasi. Ila pua huchoka. Akinusa mara 3 au 4 mfululizo haisemi tena ukweli, apumzike nje dakika kadhaa. Anuse kwa kupunga mkono juu ya chombo, asiinamie. Wala asijaribu njia hii kwa amonia. Hapo atanusa amonia tu.

Ikibidi awepo msaidizi anayeona, mipaka yake iwekwe wazi tangu mwanzo. Msaidizi anataja anachokiona: "mstari uko kati ya 23.4 na 23.5", "chini kuna mashapo meupe". Hasemi "imetosha", wala "hiyo ni kloraidi". Anayeamua lini koki ifungwe ni mwanafunzi. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha mtahiniwa aliyefanya jaribio na mtahiniwa aliyehudhuria jaribio la mwenzake.

Kuhusu usalama, ambao ndio kisingizio kikuu, tutasema machache. Vifaa vikae kwenye sinia yenye ukingo, kila kimoja mahali pake siku zote, na asiwepo wa kuvihamisha bila kutamka. Chupa ya asidi ivishwe mpira wa manati mmoja, ya besi miwili. Kidole kinasoma haraka kuliko lebo. Glovu ziwe nyembamba, nene zinaua hisia ya vidole. Jiko la umeme la sahani badala ya moto wa gesi. Mwanafunzi asiyeona humimina polepole na hushika chupa kwa mikono miwili. Wanaomwaga, kusema kweli, ni hawa wanaoona wanaozungumza huku wakimimina.

Tukiacha kemia, kikwazo kikubwa zaidi ni michoro. Hapa fedha nyingi hupotea kwa kusubiri mashine za kuinua michoro wakati fundi cherehani wa jirani anacho kifaa: kile kigurudumu chenye meno cha kuhamishia alama kwenye kitambaa. Weka karatasi ya manila juu ya mpira laini, kama tyubu ya gari iliyopasuliwa, pitisha kigurudumu, geuza karatasi, mstari umeinuka. Kwa kuwa unachora upande wa nyuma, mchoro sharti uchorwe kinyume, kulia kuwe kushoto. Mwalimu akisahau, grafu inayopanda itasomwa kuwa inashuka, na mwanafunzi atapewa sifuri kwa kosa lisilo lake. Mistari ikae mbali angalau milimita 3, la sivyo kidole huisoma kuwa mmoja. Aina za mistari zisizidi 3 au 4 katika mchoro mmoja. Na usinakili picha ya kitabu jinsi ilivyo! Mchoro wa moyo wenye vivuli na mishale 15 ni vurugu chini ya kidole. Gawanya uwe michoro mitatu. Vivyo hivyo kwa vielelezo vya udongo wa mfinyanzi: ukimpa seli yenye ukubwa wa chungwa, mwambie papo hapo kwamba ya kweli haionekani hata na wanaoona bila hadubini. Asipoambiwa ataamini kidole chake, na ana haki.

Katika Hesabu, tatizo la kwanza liko mdomoni mwa mwalimu. "Eksi jumlisha mbili gawanya kwa tatu" ni nini? Eksi ikiwa 4, mmoja atapata 2, kwa kujumlisha kwanza, na mwingine 4 na theluthi mbili, kwa kugawanya mbili peke yake. Wanaoona wanatazama ubao na ubishi unakwisha. Asiyeona ana sauti tu. Basi isemwe: "fungua mabano, eksi jumlisha mbili, funga mabano, vyote kwa tatu". "Hii ukiitoa hapa ukaipeleka kule" haifundishi chochote kwa mtu ambaye hapa na kule havijui.

La pili ni kifaa cha kuandikia nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kidole. Kibao na kalamu ya kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, nyuma ya karatasi, na kusoma ulichoandika lazima utoe karatasi. Kwa insha inawezekana. Kwa mlinganyo wa hatua 8, ambapo kila hatua inategemea iliyotangulia, ni kumwonea mtu. Mwanafunzi wa Hesabu apewe mashine ya Perkins, ile ya vibonye 6 na cha nafasi iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951. Nukta hutokea juu ya karatasi na kidole hurudi nyuma papo hapo. Mashine hiyo inavumilia mengi isipokuwa kudondoshwa, vumbi, na chumvi ya hewa ya pwani. Ifunikwe kila jioni. Vitabu vya nukta nundu visimamishwe rafuni, visilazwe vikapandana, kwa sababu uzito huzilaza nukta na kidole hakisomi kilicholala.

Tena tarakimu za nukta nundu ni herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba, nukta 3, 4, 5 na 6. Alama hiyo ikifutika, 125 inasomeka "abe". Wafadhili wakileta vitabu vya Hesabu kutoka Marekani, waulizwe kwanza vimeandikwa kwa mfumo gani. Vikiwa vya mfumo wa Nemeth, uliobuniwa na mwanahisabati asiyeona Abraham Nemeth na kuchapishwa 1952, tarakimu zimeshushwa sehemu ya chini ya seli, yaani kisanduku cha nukta 6, na mwanafunzi aliyezoea mfumo mwingine atazisoma kuwa mkato na nukta mkato. Mfumo wenyewe ni mzuri sana. Kinachoumiza ni kuchanganya miwili bila kufundisha.

Kwenye kompyuta hali ni nafuu, ndiyo maana inasikitisha kuona wasioona wakiondolewa hata kwenye somo hilo. Programu ya NVDA, msoma skrini unaotamka kilichoandikwa kwenye kompyuta, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, Michael Curran, akajiunga naye mwenzake asiyeona, James Teh, ni ya bure na inakuja na sauti ya Kiswahili. Si tamu masikioni, lakini ndani ya wiki mbili mtu huizoea. Anayejifunza kuandika programu kwa Python abadilishe mambo mawili kwenye mipangilio. Kwanza, kiwango cha alama kiwe "zote", vinginevyo mabano na nukta pacha havitamkwi vyote na atatafuta kosa siku nzima. Pili, kwenye mpangilio wa hati awashe taarifa ya nafasi za mwanzo wa mstari, kwa maneno au kwa milio, kwani katika Python nafasi hizo ni sehemu ya sarufi. Mwalimu naye aache kuanza na programu za kuburuta vijiboksi vya rangi kwa kipanya. Nyingi ya hizo msoma skrini hazioni kabisa. Na kitini kilichopigwa picha kikaitwa PDF, kwa NVDA ni ukurasa mtupu. Kitumwe kikiwa maandishi, na milinganyo iandikwe kwa kihariri cha milinganyo, isibandikwe kama picha.

Wenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wengi wenye ualbino, husahaulika kwa sababu "anaona kidogo". Huyu hahitaji nukta nundu. Anahitaji herufi za ukubwa wa pointi 18 hadi 24, kukaa mbele huku dirisha likiwa mgongoni, ubao mweusi kweli usio na kijivu cha chaki ya jana, na ruhusa ya kuusogelea. Akisogeza kitabu hadi puani asikemewe, hadhuru macho. Katika maabara hatari yake ni mwako wa rangi ya bluu wa gesi, usioonekana vizuri mchana. Mwalimu autaje kila unapowashwa.

Biolojia, kwa maoni yetu, ndiyo mlango rahisi kuliko yote, na wengi hawaujaribu. Geerat Vermeij, mwanasayansi asiyeona aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Davis, amejenga utafiti wa maisha yake kwa kupapasa makombe ya baharini: unene wake, meno ya mdomoni, makovu ya makucha ya kaa. Makombe yamejaa kuanzia Tanga hadi Mtwara. Kenya, katika KCSE, mtihani wake wa mwisho wa sekondari, ina Biolojia ya wasioona yenye namba yake, 236. Tunaipongeza, ingawa karatasi ya peke yake ina mtego: ikishakuwepo moja, watu huridhika, na habari ya Fizikia haiulizwi tena.

Tunachoomba ni vitu viwili. Taasisi ya Elimu itoe kila kitabu cha kiada cha sayansi pia kama faili la maandishi, na kila mchoro uelezwe kwa maneno na mtu anayelijua somo. Baraza la Mitihani nalo, katika maelekezo ya maandalizi ya maabara yanayotangulia mtihani wa vitendo, liongeze safu ya mtahiniwa asiyeona: msaidizi na mipaka yake, bomba la sindano lenye mikato, boksi jeusi na kifaa chake cha sauti, betri 6 mpya, na kitunguu kimoja kilichokatwa jana yake.

Wenu,
Walimu wa sayansi na elimu maalumu,
Tanga